Tishu inaachia wapi? Kutafuta kiungio cha seli kilichoharibika ukianzia na dalili

Kuna jibu moja nalisikia darasani kila mwaka na linaniumiza. Unamuonyesha mwanafunzi picha ya ngozi iliyofunguka au utumbo unaovuja, unamuuliza hapa kimetokea nini, anajibu "seli zimekufa". Mara nyingi sio kweli. Weka jicho kwenye hadubini uangalie kipande cha ngozi ya mgonjwa wa pemfigasi, ugonjwa wa malengelenge, utaziona seli zinaelea kwenye maji ya lengelenge, zimekuwa za mviringo, kiini kipo, rangi imeshika vizuri, ziko hai kabisa ila zimeachiana. Kilichokatika ni vile vishikio vya kati ya seli na seli. Na ukishajua kimekatika kishikio gani, na upande gani wa seli, ndo unajua umpe mgonjwa nini.

Mi nafundisha wanafunzi wa afya hapa Kigoma na siku nyingine nakaa kliniki, kwahiyo haya nayaandika kama ninavyoyatumia: naanza na dalili, alafu narudi nyuma kukitafuta kiungio.

Kwanza ujue kitu kimeshikwaje

Nenda mwalo wa Kibirizi asubuhi ukute fundi anatengeneza boti ya mbao. Mbao zile hazishikwi na kitu kimoja. Kuna misumari, kuna mataruma yanayozibeba kwa ndani, alafu kuna kalafati, ile pamba anayoisokomeza kwenye nafasi kati ya ubao na ubao ili maji yasipite. Boti inaweza kuwa na misumari mizuri na bado ikajaa maji kwa sababu kalafati imeoza, na inaweza kuwa na kalafati mpya na bado ikafumuka kwenye wimbi kwa sababu misumari imeliwa na kutu. Fundi mzuri ukimwambia boti yako mbovu hakimbilii nyundo, anakuuliza kwanza, inavuja au inafumuka?

Seli za utumbo zimepangwa kwa namna hiyo hiyo. Juu kabisa, upande chakula kinapopita, kuna kiungio kizibo, hiyo ndo kalafati, na protini zake kubwa ni klaudini na okludini. Chini yake kidogo kuna kiungio mshipi, kinaizunguka seli yote kama mkanda, protini yake ni kadherini na kwa ndani imefungwa kwenye nyuzi za aktini, ambazo zinaweza kuvuta na kukaza. Chini tena kuna desmosomu, madoa madoa yanayobana kama misumari, kwa nje zinashikana kwa protini zinaitwa desmogleini na wenzake, kwa ndani zimeshikiliwa na nyuzi ngumu za keratini, hizo ndo mataruma. Alafu kuna viungio vipenyo, vitundu vilivyojengwa na konekisini sita upande huu na sita upande ule, vinapitisha chumvi na molekuli ndogo ndogo kutoka seli hadi seli bila kutoka nje.

Upande wa chini kuna hemidesmosomu, inaibana seli kwenye utando msingi, yaani kwenye sakafu yake. Hii sio ya seli na seli lakini ukiisahau utayakosea malengelenge yote.

Boti inatufikisha hapo tu, maana msumari ukishagongwa umegongwa, wakati viungio vya seli vinavunjwa na kujengwa muda wote hata sasa hivi unaposoma. Kidonda kingefungaje kama seli za pembeni zisingeweza kulegeza mkono, kusogea, na kushikana tena?

Na kadherini inataka kalsiamu. Mjapani Masatoshi Takeichi ndo alionyesha miaka ya 1970 kwamba seli zina namna ya kushikana inayotegemea kalsiamu, baadae protini yenyewe ikapewa jina la kadherini. Ukitoa kalsiamu kwenye maji ya seli za maabara zinaachiana moja moja. Anayepika maharage hapa kwetu anajua kitu kinachofanana na hicho, akitia magadi yanalainika haraka na akizidisha yanasambaratika sufuriani, kwa sababu seli za mmea zimegandishwa na pektini ambayo kalsiamu ndo inaikaza, na sodiamu ya magadi inaing'oa ile kalsiamu inakaa yenyewe. Pektini na kadherini sio ndugu, ni njia mbili tofauti kabisa, ila mkono wako ukishaliminya harage la magadi likaachia kati ya seli na seli bila seli zenyewe kupasuka, umeshaelewa ninachokisema.

Dalili: malengelenge

Hapa nakaa kidogo maana hapa ndo watu wanateseka bure.

Alikuja mama mmoja wa makamo, amekonda, kanga imefungwa mara mbili kiunoni ili isidondoke. Alikuwa amezunguka miezi mitano, kila anapofika anapewa dawa ya fangasi ya kinywa. Akaniambia, "Dokta mwanangu, hata mchuzi wa mgebuka unaniunguza, naishi kwa uji uliopoa." Nikamwomba afungue kinywa. Ndani ya mashavu kulikuwa na vidonda vyekundu vyenye kingo zilizochanika chanika, hamna ule utando mweupe wa fangasi unaofutika na pamba. Mgongoni malengelenge matatu, mawili yameshapasuka, moja limebaki limelegea na maji yamejikusanya chini kwa uzito wake. Nikaweka kidole gumba kwenye ngozi nzima pembeni ya lengelenge nikasukuma taratibu na ngozi ya juu ikateleza. Binti yake aliyemleta akageuka pembeni. Hiyo wanaiita dalili ya Nikolsky, na ukiiona mara moja inatosha, usimrudie rudie mgonjwa kwa ajili ya kuwaonyesha wanafunzi, inauma.

Sasa swali la fundi: limelegea au limekaza?

Lengelenge lililolegea, linalopasuka kabla mgonjwa hajakufikia, maana yake paa lake ni jembamba, ngozi imeachana juu juu, kati ya seli na seli. Hapo shuku desmosomu. Kwenye pemfigasi ya kawaida mwili wenyewe unatengeneza kingamwili, zile protini za kinga, dhidi ya desmogleini ya 3, na mara nyingi ya 1 pia. Masayuki Amagai na wenzake ndo waliitambua hiyo shabaha mwaka 1991. Kwanini inaanzia kinywani? Kwa sababu ngozi ya nje inazo desmogleini zote mbili, moja ikipigwa nyingine inashikilia, lakini utando wa kinywa unategemea zaidi ya 3, ikiondoka hiyo hamna wa kumsaidia. Kwahiyo mtu mzima mwenye vidonda vya kinywa vinavyopita mwezi, havisikii dawa ya fangasi, mvue nguo uangalie mgongo na kifua. Kabla ya dawa za steroidi, zinazotuliza kinga ya mwili, kuanza kutumika miaka ya 1950 wagonjwa hawa wengi walikufa, ngozi ikivuja maji na chumvi na bakteria wakiingia. Leo anapona mtu huyu, au anaishi na ugonjwa uliotulia, ilimradi asicheleweshwe.

Lengelenge lililokaza, gumu, linakaa siku kadhaa bila kupasuka, kwa mzee anayewashwa sana, mara nyingi kinywa kiko salama: paa lake ni nene kwa sababu ngozi yote ya juu imeng'oka pamoja kutoka kwenye sakafu. Hiyo ni hemidesmosomu, ugonjwa unaitwa pemfigoidi. Pia ni kingamwili, ila zimelenga ngazi nyingine.

Mtoto mdogo ambaye ngozi imeanza kuwa nyekundu kwapani, shingoni na kinenani, anashtuka ukimgusa, kesho yake ngozi inabanduka kama aliyemwagiwa maji ya moto, homa ipo. Jamani hapa naomba tusikilizane, maana nimeona mama anashutumiwa mbele za watu kuwa kamuunguza mtoto. Muulize historia, angalia kinywa. Kuna bakteria stafilokokasi wanaotoa sumu ambayo kazi yake ni kuikata desmogleini ya 1, hiyo hiyo tu, kama mkasi uliotengenezwa kwa uzi mmoja. Kinywa kinabaki kizima kwa sababu desmogleini ya 3 haiguswi. Moto hauchagui hivyo, na maji ya moto yanaacha michirizi na mipaka ya pale yalipomwagikia. Mtoto huyu anataka dawa za kuua stafilokokasi, maji, na kushikwa kwa upole, na kwa kuwa ngozi imeachana juu sana akipona kwa kawaida habaki na kovu. Yale malengelenge ya impetigo ya usoni yenye maji ya njano ni sumu hiyo hiyo, tofauti ni kwamba imebaki mahali pamoja.

Mtoto anayetoka malengelenge miguuni tangu alipoanza kutembea, kila akivaa viatu, na kwenye ukoo wapo wengine: hapa kiungio kinaweza kuwa kizima, shida ikawa keratini ya 5 au ya 14, yaani taruma ndani ya seli ndo limevunjika na seli imepasuka yenyewe. Steroidi haimsaidii huyu. Viatu laini, kutoboa lengelenge kwa sindano safi likiwa dogo bila kuondoa paa lake, na ushauri kwa familia.

Dalili: kuharisha maji

Mei 2015 kijiji cha Kagunga pale mpakani, wakimbizi wa Burundi wamejazana kwenye ule ufukwe mwembamba kati ya mlima na ziwa, kipindupindu kikalipuka. Anayeikumbuka Kigoma ya mwezi ule anajua ninaongelea nini. Na wanafunzi wengi mpaka leo wanaamini kipindupindu kinatoboa utumbo, ukikata utumbo utaukuta umechubuka. Hapana. Kwenye hadubini seli zipo karibu zote, zimesimama kwenye mstari wake.

Sumu ya kipindupindu inaingia ndani ya seli na kuliacha wazi bomba la kloridi. Kloridi inatoka, sodiamu inaifuata kwa kupenya katikati ya seli na seli, maji yanafuata chumvi, mgonjwa mkubwa anaweza kupoteza hata lita moja kwa saa. Hapa viungio vizibo vinatumika kama njia lakini sio chanzo, na utumbo mwembamba tangu mwanzo umeumbwa na kalafati ya kupitisha kidogo, kuna klaudini ya 2 ambayo yenyewe ni kitundu cha kupitisha sodiamu na maji. Kwahiyo ukitafuta dawa ya kuziba utakuwa unampotezea mgonjwa muda. Unachotakiwa kukitumia ni mlango ambao sumu haijaugusa, ule unaoingiza sukari na sodiamu kwa pamoja. Ndo maana ORS, ile pakiti ya chumvi na sukari ya kuchanganya na maji, ina glukosi milimoli 75 na sodiamu milimoli 75 kwenye lita moja. Ukimpa maji matupu hayaingii vizuri, ukizidisha sukari yanavutwa nje zaidi, kwahiyo soma pakiti ni ya maji kiasi gani na upime, usikadirie kwa kikombe cha nyumbani.

Wapo bakteria wanaogusa kiungio kweli. Nyama ya msibani iliyopikwa jana ikalala kwenye sufuria kubwa bila kupoa haraka, watu kumi na tano wanaumwa tumbo na kuharisha kabla hata siku haijaisha: shuku klostridiamu. Sumu yake inaidaka klaudini ya 3 na ya 4 kama kishikio, alafu inatoboa seli hapo hapo. Wengi inaisha yenyewe ndani ya siku moja wakinywa maji ya kutosha.

Alafu yupo mtoto ambaye haharishi sana, anakula, ila haongezeki, kadi ya kliniki mstari umelala. Mtoto anayemeza uchafu kila siku, ua la kuku na maji ya kisima kisichofunikwa, utumbo wake unavimba polepole, vile vidole vidogo vya ndani vinafupika na kalafati inalegea, vipande vya bakteria vinavuja kuingia kwenye damu na mwili unakaa vitani muda wote, chakula kinachotakiwa kumkuza kinaishia kwenye hiyo vita. Watafiti wanapima uvujaji huo kwa kumnywesha mtoto sukari mbili ambazo mwili hauzitumii, manitoli ambayo ni ndogo na laktulosi ambayo ni kubwa, alafu wanapima mkojo. Laktulosi ikionekana nyingi kuliko kawaida ukilinganisha na manitoli, kuna pengo. Huku kwetu kipimo hicho hakifanyiki zahanati, kwahiyo ukimwona mtoto wa hivyo usimwambie mama "mlishe vizuri" tu ukaishia hapo. Uliza maji yanatoka wapi na kuku wanalala wapi.

Dalili: degedege na kupoteza fahamu, malaria ipo

Mkoa huu malaria ni ya kila siku kwahiyo hii lazima niiseme. Kwenye malaria ya ubongo vimelea vyenyewe havipiti kuingia kwenye ubongo. Chembe nyekundu zenye vimelea zinanata kwenye kuta za mishipa midogo, na seli za kuta zile, ambazo kwenye ubongo zimezibwa kwa viungio vizibo kuliko karibu sehemu yoyote ya mwili, zinaanza kulegea pale zilipojazana. Maji yanavuja, ubongo unavimba ndani ya fuvu ambalo halitanuki. Mwaka 2015 ilichapishwa kazi ya Blantyre, Malawi, walipowapiga watoto picha za MRI, na wale waliofariki wengi wao walikuwa na ubongo uliovimba sana. Hakuna dawa ya kukaza kiungio hicho ambayo naweza kukuambia umpe. Ua vimelea mapema kwa sindano ya artesuneti, au ile ya kuweka njia ya haja kubwa kama uko mbali na rufaa, pima sukari ya damu, zuia degedege, na usimjaze maji ya dripu kupita kiasi.

Dalili: kijana anazimia akicheza mpira

Moyo unatumia viungio vitatu kwa pamoja, pale seli na seli zinapokutana kuna kadherini, desmosomu na vipenyo vya konekisini ya 43 vinavyopitisha umeme. Kuna ugonjwa uliogunduliwa kisiwa cha Naxos, Ugiriki, ukaandikwa mwaka 1986, na mwaka 2000 ikajulikana ni jeni ya plakoglobini, mojawapo ya protini za desmosomu. Misuli ya moyo inaachiana kidogo kidogo kwa kila pigo, nafasi inajazwa mafuta na kovu, mapigo yanavurugika, kijana anaanguka ghafla. Vitabu vinasema mtambue kwa nywele za kama sufi na viganja na nyayo ngumu nene. Mi nawaambia wanafunzi wangu ile ya nywele iliandikwa kwa macho ya watu wa nywele zilizonyooka, hapa kwetu haikusaidii, angalia viganja na nyayo, alafu uliza kama kuna ndugu aliyekufa ghafla akiwa kijana. Jibu likiwa ndio, asirudi uwanjani mpaka apigwe kipimo cha umeme wa moyo na ultrasaundi.

Konekisini hizo hizo za 43 zinaongezeka kwenye misuli ya mji wa mimba siku za kujifungua zikikaribia, ndo maana uchungu unakaza tumbo zima kwa pamoja badala ya kila msuli kuvuta kivyake. Na konekisini ya 26 ikiwa mbovu kwa pande zote mbili za wazazi mtoto anazaliwa kiziwi. Kijiji cha Adamorobe nchini Ghana kinajulikana kwa hilo, watu wengi ni viziwi kwa kurithi na wana lugha yao ya alama ya kijiji.

Dalili: mtoto kazaliwa na mgongo wazi

Hapa naandika polepole. Nimekaa na mama aliyejifungua mtoto mwenye mgongo wazi, mama mkwe amesimama mlangoni, na swali la kwanza chumbani lilikuwa nani amemfanyia. Hakuna aliyemfanyia.

Rudi mwanzo kabisa. Yai likishatungwa linagawanyika, seli mbili, nne, nane, zimekaa kama machungwa kwenye mfuko, unaweza kuzihesabu. Siku ya tatu au ya nne zinajibana, mipaka inapotea, linakuwa donge moja laini. Hiyo ni kadherini imeanza kazi, na viinitete vya panya vilivyonyimwa kadherini hiyo vinakufa kabla ya kujishikiza vizuri kwenye mji wa mimba. Baada ya hapo seli za nje zinajiziba kwa viungio vizibo na kuanza kupampu chumvi ndani, maji yanafuata, uwazi unatokea katikati. Kalafati ikivuja uwazi hautokei na mimba haiendi.

Baadae seli za mgongoni zinatengeneza bapa ambalo linatakiwa kujikunja kuwa bomba, litakalokuwa ubongo na uti wa mgongo. Linajikunjaje? Ule mshipi wa aktini uliofungwa kwenye kadherini unajikaza upande wa juu wa kila seli, kama kamba ya mfuko wa kitambaa ukiivuta mdomo unafunga, juu panakuwa pembamba, chini pananenepa, bapa linainama. Kisha seli za bomba zinabadilisha aina ya kadherini, zinaacha ile ya ngozi na kuvaa ya neva, na hapo zinaachana na ngozi iliyo juu yake, maana seli zenye kadherini moja hupenda kukaa na zenye kadherini kama yao. Kujitambua huku ni kwa zamani sana. Mwaka 1907 H. V. Wilson alichukua sponji wa baharini akamkamua kwenye kitambaa cha hariri, kama unavyochuja tui, seli zikatoka moja moja, zikatafutana zenyewe zikajenga sponji upya.

Bomba hilo linakuwa limefunga kufikia siku ya 28 hivi tangu mimba kutungwa. Mama wengi siku hiyo hawajajua kama ni wajawazito. Kwahiyo vidonge vya foliki asidi vya kliniki, ambavyo mama wengi wanavipata mimba ikiwa na miezi mitatu minne, kwa shida hii vimeshachelewa, japo kwa kuongeza damu bado vinamsaidia. Foliki haigandishi seli. Inasaidia seli kutengeneza DNA na kuongezeka kwa kasi inayotakiwa wiki zile, na imethibitika inapunguza mgongo wazi ikianza kabla ya mimba, mikrogramu 400 kwa siku. Tanzania unga wa viwandani unatakiwa kuongezwa virutubisho tangu 2011, lakini huku wengi tunasaga mahindi yetu na muhogo wetu kwenye mashine ya mtaani, huo unga hauna kitu kilichoongezwa. Kwahiyo ukikutana na binti anayepanga mtoto, au aliyetoka kujifungua na anataka mwingine, hapo ndo pa kumwambia.

Dalili: tumbo linashiba haraka, kipimo hakioni uvimbe

Kwa kifupi. Mwaka 1998 familia moja ya Kimaori huko Nyuzilandi iliyopoteza watu wengi kwa saratani ya tumbo ilikutwa na jeni mbovu ya kadherini ya E, mojawapo ya zile kadherini. Seli za saratani hii hazishikani, kwahiyo hazitengenezi donge, zinatawanyika moja moja chini ya utando wa tumbo, ukuta unakuwa mnene na mgumu na kamera inaweza kupita bila kuona kitu. Kutokuona uvimbe kusikufanye umrudishe nyumbani mtu anayekonda.

Ukikata kipande cha kupeleka maabara

Makosa mengi yanatokea hapa. Kata vipande viwili. Cha kwanza kitoke kwenye ukingo wa lengelenge jipya, liwe na siku moja tu likiwezekana, nusu lengelenge nusu ngozi nzima, kiingie kwenye formalini, ile dawa ya kuhifadhi vipande. Usikate katikati ya kidonda cha zamani, utapata usaha na majibu ya "uvimbe usio na sababu maalumu". Cha pili kitoke kwenye ngozi inayoonekana nzima jirani na lengelenge, na hiki kisiguse formalini hata tone, kwa sababu kinatafutwa kingamwili na formalini inaziharibu. Kama huna ile dawa maalumu ya kukitunzia, saline ya kawaida, yaani maji ya chumvi ya hospitali, inakivusha siku moja, kwahiyo panga usafiri kabla hujashika kisu. Andika kwenye fomu limelegea au limekaza, kinywa kina vidonda au hakina, maana anayesoma kipande hajamwona mgonjwa.

Yule mama hatukumsubirisha majibu, alianza prednisoloni, moja ya zile steroidi, siku hiyo hiyo baada ya kupima sukari, presha, kifua na kumpa dawa ya minyoo. Majibu yalipokuja yalikuwa na picha. Kila seli ya ngozi imezungukwa na mstari wa kijani unaong'aa, seli kwa seli, mpaka picha nzima ikawa kama wavu wa dagaa uliotandazwa juani, na kila uzi wa wavu ule ni mahali kingamwili zimekaa juu ya desmosomu. Nikamwonyesha. Aliiangalia muda mrefu akauliza, "Kwahiyo ni hizi nyuzi ndo zinakatika?" Nikamwambia ndio mama, hizo. Vidonda vya kinywa vilikuwa vimeanza kufunga, dozi tukaanza kuishusha kidogo kidogo, na kila baada ya wiki mbili anakuja na binti yake tunapima sukari na presha.